Shangazi, mbona vitundu vidogo hivi vinatoa usaha?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Igombe huku ziwani, biashara yangu ni dagaa. Nanunua mwaloni, naanika, napeleka Kirumba. Kwa miaka miwili nimesumbuliwa na maumivu ya tumbo upande wa kulia, chini ya mbavu. Nikila chipsi au samaki wa kukaanga basi usiku huo silali. Nimetibiwa vidonda vya tumbo, nimetibiwa taifodi, nikarudi kutibiwa vidonda vya tumbo. Mwishowe nikapigwa utrasaundi mjini wakaona mawe kwenye mfuko wa nyongo. Daktari akasema mfuko utolewe, na kwa bahati hospitali niliyokwenda wanafanya kwa kamera bila kupasua tumbo. Nikapigwa nusu kaputi, nilipozinduka nina vitundu vinne vyenye plasta: kimoja kitovuni, kimoja chini ya chembe ya moyo, na viwili vidogo ubavuni. Kesho yake jioni nikaruhusiwa.

Sasa ni wiki ya pili. Vitundu vitatu vimekauka vizuri, lakini cha kitovuni kinalia. Kilianza kwa kulowesha kanga kidogo tu, majimaji meupe. Baadaye yakawa mazito, ya njano, na juzi nikaanza kusikia harufu. Pembeni pamevimba, nikipagusa panauma. Usiku inanijia homa na baridi ya mwili, nameza panadol mbili, asubuhi naamka mzima. Mume wangu alininunulia dawa ya mseto duka la dawa bila kupima, akasema huku kwetu homa ya usiku ni malaria, hakuna haja ya kupoteza hela ya kipimo. Dozi nimeimaliza, homa bado inarudi.

Mama mkwe amekuja kunisaidia na watoto, Mungu ambariki, lakini naye ana mambo yake. Amenikataza maharage na samaki, eti vinaleta usaha. Alifungua kapsuli za rangi mbili akaninyunyizia ule unga kitovuni. Kikakauka juu siku moja, kisha kikapasuka kikatoa mwingi kuliko mwanzo. Sasa anataka tupake asali, na asali ikishindwa niwe naenda kuoga ziwani alfajiri, kwa sababu anasema maji ya ziwa hukausha vidonda. Jirani yangu ana lake: hewa waliyonijaza tumboni haikutoka yote, ndiyo inaoza ndani. Na kweli siku za mwanzo bega la kulia liliniuma sana, nikaanza kumwamini.

Mume wangu yeye anacheka. Anasema vitundu kama vya kuchomwa sindano vitapona vyenyewe, ingekuwa nimepasuliwa tumbo ndiyo tungeogopa. Tarehe yangu ya kliniki ni mwisho wa mwezi, na anaona nikienda kabla ya tarehe nitarudishwa, nauli iwe imeliwa bure. Kwenye kabati kuna kapsuli za amoksilini zilizobaki alipong'olewa jino. Je, nizimeze hizo huku nikisubiri kliniki?

Sivuti sigara, sinywi pombe, sina kisukari ninachokijua.

La mwisho, Shangazi. Mdogo wangu wa kike ana selimundu, naye ameambiwa ana mawe kwenye nyongo na atahitaji upasuaji huuhuu. Baada ya kuona kitovu changu anasema bora akae na mawe yake. Nimwambie nini?

Mama Dagaa, Igombe

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Ujumbe wangu wa simu natumaini umekufikia: usingoje mwisho wa mwezi, panda gari la asubuhi urudi hospitali ileile iliyokufanyia upasuaji. Na ikitokea usiku umetetemeka kwa baridi, macho yamekuwa ya njano, tumbo limejaa na kuuma lote, unatapika kila unachokunywa, mkojo umekata, au watu wa nyumbani wanaona unahema mbiombio na kuongea vitu visivyoeleweka, basi hata hiyo asubuhi msiingoje. Mwende usiku huohuo kwenye hospitali iliyo karibu yenye daktari. Hapa naeleza sababu, maana najua barua yako inasomwa na wengi wenye kabati lenye amoksilini za jino.

Usaha wenyewe haukunishtua sana. Miaka yangu yote ya wodi ya upasuaji, kitovu ndicho kitundu tulichokuwa tunakiangalia kwanza. Mfuko wa nyongo hauna njia nyingine ya kutokea, lazima uvutwe kupitia tundu kubwa mojawapo, ama la kitovuni ama lile la chini ya chembe ya moyo. Mfuko uliougua una mawe na nyongo, na mara nyingi una bakteria wa utumbo ndani yake. Ukipita unabana, unapaka uchafu kwenye kingo za tundu, ndiyo maana madaktari wengi huutia kwanza kwenye kijifuko maalumu humohumo tumboni kabla ya kuuvuta. Ongeza na kitovu chenyewe, mikunjo yake inavyotunza nta na jasho. Bado wanaopata maambukizi ni wachache tu katika kila wagonjwa mia, tena wachache kuliko wanaopasuliwa kwa mshono mrefu wa chini ya mbavu. Tangu daktari wa Ujerumani, Erich Mühe, alipoutoa mfuko wa nyongo kwa matundu mwaka 1985, njia hii imeenea dunia nzima, na unafuu wa vidonda ni sababu mojawapo.

Usaha wa juu juu ukiwahiwa, dawa yake kubwa ni kufunguliwa. Nesi au daktari anaachanisha kingo kidogo, usaha unatoka wote, panasafishwa, panawekwa gozi, panabadilishwa mara kwa mara mpaka nyama iote kutoka chini kuja juu. Wengine hupona hivyohivyo bila hata kidonge kimoja.

Homa ndiyo iliyonifanya nishike simu.

Mumeo anapima ukubwa wa upasuaji kwa ukubwa wa tundu. Mwambie hivi: ndani kazi iliyofanyika ni ileile ya waliopasuliwa. Mfuko umebanduliwa kwenye ini, mrija wake na mshipa wake wa damu vimebanwa kwa vibanio vidogo vya chuma, kisha vikakatwa. Kibanio kikiteleza, au kijimrija kidogo pale kwenye ini kikawa kinavuja, nyongo inamwagika tumboni. Kuna pia jiwe linaloweza kuwa lilikwishateleza kuingia kwenye mrija mkuu kabla hujafika mezani, likaziba njia, na nyongo iliyotuama ikashika maambukizi. Jiwe lingine huweza kudondoka tumboni mfuko unapopasuka wakati wa kutolewa, likaja kutengeneza jipu baada ya miezi, hata miaka. Matatizo haya ya ndani huja na homa na maumivu huku vitundu vyote vya nje vikiwa vikavu kabisa. Kwa hiyo kitovu chako kinacholia kinaweza kuwa ndiyo chanzo cha homa, na kinaweza kuwa kinavuta macho ya watu tu wakati shida iko kwenye ini. Mimi kutoka hapa nilipo siwezi kujua ni lipi, wala mumeo hawezi. Utrasaundi na vipimo vya damu vitasema.

Sasa malaria. Kanda ya Ziwa malaria ipo, sibishi, na aliyetoka kupasuliwa anaumwa malaria kama mtu mwingine. Lakini wataalamu huhesabu siku 30 baada ya upasuaji kuwa ndio muda wa maambukizi ya kidonda cha upasuaji, na homa yoyote ndani ya muda huo itazamwe kwanza kwa jicho la upasuaji. Tena hata kile kipimo cha haraka cha kuchoma kidole hakifungi kesi. Kinatafuta protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Unaweza kuonekana una malaria ya mwezi uliopita huku kinachokuchemsha ni usaha. Wewe hata hicho kipimo hukufanya. Dozi ya mseto imeisha na homa haikujali.

Halafu hiyo panadol. Inashusha homa, asubuhi unajiona mzima, na mzee wa nyumba anapata ushahidi kwamba huumwi. Ukienda hospitali mwambie daktari ulimeza saa ngapi, maana ukifika umetoka kumeza, kipimajoto kitasoma vizuri na unaweza kurudishwa nyumbani. Nimewaona.

Jiangalie vizuri kabla ya kuondoka, ili ukafike na maneno ya kueleza. Vitabu vinasema kidonda chenye maambukizi huwa chekundu. Vimeandikwa na watu wenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yako wekundu unaweza usiuone kabisa, tafuta ngozi iliyoiva kuwa nyeusi zaidi kuzunguka tundu, inayong'aa kwa kuvutika, ngumu kiasi. Weka mgongo wa kiganja kitovuni kisha uupeleke kwenye paja, ulinganishe joto. Macho yaangalie nje, kwenye mwanga wa jua, kwa sababu taa ya ndani inaficha unjano. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi na choo kikawa cheupe cheupe, sema hayo mlangoni kabla hujaulizwa kitu kingine. Na maumivu, kanuni yake ni rahisi: kila siku yawe pungufu kuliko jana. Yakigeuka yakaanza kupanda, kuna jambo.

Kwenye kapsuli nina ugomvi wa miaka mingi. Unga wa rangi mbili ukinyunyiziwa kwenye kidonda unakauka na kutengeneza gamba, usaha unakosa pa kutokea, unachimba kwenda chini. Ndicho kilichokupata: kikakauka siku moja, kikapasuka. Na amoksilini za jino? Kwanza hazitoshi dozi. Pili, bakteria wengi wa utumbo, na wale wa kwenye ngozi, amoksilini peke yake hawaiogopi tena, tumeizoesha wenyewe kwa kuinunua kama pipi. Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi, ukimeza leo, daktari akichukua usaha kesho kwenda kuotesha bakteria wake maabara, huenda kisiote kitu, akabaki anabahatisha dawa. Usimeze. Nenda na kitovu chako kama kilivyo, kimefunikwa gozi safi kavu, na uombe wachukue usaha kabla hujaanzishiwa antibayotiki yoyote. Ikiwa hali yako ni mbaya hawatasubiri majibu, wataanza mara moja, lakini sampuli iwe imeshachukuliwa.

Kuna sababu nyingine ya kuotesha ambayo wengi hawaijui. Vifaa vya upasuaji wa kamera ni virefu, vyembamba, vina maungio na mirija ambamo damu hujificha, na baadhi havivumilii joto la mvuke, hivyo hulowekwa kwenye dawa kisha husuuzwa. Maji ya kusuuzia yakiwa si salama, wapo bakteria wa majini na udongoni, jamaa wa mbali wa wale wa kifua kikuu, wanaoweza kuingia nayo. Hao hawana haraka. Kidonda kinapona, mtu anasahau, wiki kadhaa baadaye kinatokea kijivimbe kwenye kovu, kinatoboka, kinatoa majimaji, na antibiotiki za kawaida hazikigusi. Tiba yake ni miezi, kwa dawa maalumu. Chako kimeanza mapema kwa usaha mzito wenye harufu, hakifanani na hicho, lakini kama wewe au msomaji mwingine kitundu kitarudi kulia baada ya kufunga, kumbuka kuwauliza kuhusu bakteria hao.

Kuhusu tarehe ya kliniki: tarehe ile ni ya mtu anayeendelea vizuri. Mwenye usaha na homa hana tarehe. Ukifika mapokezi usiseme umekuja kliniki, sema "nimefanyiwa upasuaji hapa hivi karibuni, nina homa na kidonda kinatoa usaha", na uonyeshe karatasi ya kuruhusiwa. Hiyo karatasi usiisahau nyumbani kwa vyovyote. Muulize daktari, kwa heshima, kama mfuko ulikuwa umevimba kwa maambukizi ulipotolewa, kama ulipasuka, kama kuna jiwe lilidondoka. Si kumshitaki, majibu hayo ndiyo yanayoonyesha hatari yako ilikuwa kubwa kiasi gani. Na kama mfuko ulipelekwa maabara kwa kipimo cha kinyama, ulizia majibu hapohapo.

Ukiwa huko omba pia wapime sukari. Umeandika huna kisukari "unachokijua", na neno hilo la mwisho nimelisoma mara mbili. Sukari ikiwa juu kidonda hakifungi na bakteria wanafaidi, na kuna watu wengi waliojua wana kisukari siku kidonda kilipogoma.

Wengine wataniuliza, mbona mgonjwa hakupewa vidonge vya antibayotiki vya kwenda navyo nyumbani? Kwa upasuaji huu, anayehitaji kinga huchomwa sindano moja kabla ya kisu kugusa ngozi, ndani ya saa mbili zilizotangulia, na Shirika la Afya Duniani tangu mwongozo wake wa 2016 linashauri kinga hiyo isiendelezwe baada ya upasuaji kwisha. Hukunyimwa dawa.

Jirani yako umwache na hewa yake. Wanayojaza tumboni ni gesi ya kaboni dayoksaidi, wanaitoa kabla ya kufunga, inayobaki mwili unaifyonza na unaitoa kwa pumzi ndani ya siku chache. Haiozi. Bega liliuma kwa sababu gesi hiyo inakera kiwambo kilicho chini ya mapafu, na mshipa wake wa fahamu unashirikiana na wa bega. Maumivu ya siku za mwanzo hayana neno. Yakianza upya sasa, hasa ukivuta pumzi, mweleze daktari.

Ziwani usiende. Maji ya bomba au yaliyochemshwa na sabuni, yakipita juu ya kidonda kisha ukakausha kwa kitambaa safi, yanatosha, ila kulowana ndani ya maji ni mwiko mpaka pafunge kabisa. Ziwa letu tunalipenda lakini tunalijua: wanaoga humo watu na ng'ombe, na kichocho hakihitaji hata kidonda, kinatoboa ngozi nzima. Asali usimdharau nayo mama mkwe, maana ipo asali iliyosafishwa kwa ajili ya vidonda na inatumika hospitalini. Ya chupa ya sokoni, kwenye tundu ambalo hatujui mwisho wake, hapana. Mshukuru kwa watoto, mpe kazi ya kukupikia maharage, sato na hao dagaa wako. Nyama mpya ya kidonda inajengwa na vyakula hivyohivyo anavyokunyima. Punguza tu mafuta kwa sasa, kwa sababu nyongo siku hizi inashuka moja kwa moja kutoka kwenye ini kwenda utumboni bila ghala, na mafuta mengi yanaweza kukuharisha kwa muda. Magunia ya dagaa na ndoo za maji wabebe wengine mpaka daktari akuruhusu. Tundu la kitovuni lililopata usaha ni rahisi kuachia ngiri.

Nimalizie na mdogo wako. Mawe ya mwenye selimundu yanatokana na chembe za damu zinazovunjika kila siku, kwa hiyo hayatakoma kutengenezwa, na kuyasubiri mpaka yazibe mrija ndiyo hatari zaidi: atapasuliwa kwa dharura, akiwa na homa na damu imeshuka. Upasuaji wa matundu unamfaa kuliko wa mshono mrefu, lakini haendi mezani kama ulivyokwenda wewe. Bandama ya mwenye selimundu mara nyingi haifanyi kazi, hivyo maambukizi humkimbiza haraka, na nusu kaputi ikimkuta amepungukiwa maji, amepata baridi au hewa safi haimtoshi, anaweza kupata maumivu makali au kubanwa kifua. Inabidi daktari wake wa selimundu na wa upasuaji wakae pamoja: waangalie wingi wa damu na kama aongezewe kabla, awekewe dripu ya maji tangu akiwa hajala, afunikwe vizuri, apewe oksijeni, aanze mapema mazoezi ya kuvuta pumzi ndefu. Na homa yoyote kwake, hata bila upasuaji, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Aende kliniki yake ya selimundu sasa akiwa mzima, apangiwe. Kitovu chako kisimtishe, ila kimfundishe kurudi siku ya kwanza ya homa.

Shangazi